Tawi Juu ya Paa la Madimba

Ukifika Mtawanya, karibu na mji wa Mtwara, ukaulizia nyumba ya Mzungu, watoto watakusahihisha. Watakuambia hapa hakuna Mzungu, labda unamtaka Fundi Rainoldi. Kisha watakuonyesha nyumba ya udongo iliyoezekwa bati, yenye madirisha yanayofunga sawasawa hata masika, jambo ambalo mtaani pale si la kawaida. Mlangoni utamkuta mzee mrefu, mwembamba, shingo nyekundu, akimgombeza mtu kwa sababu ya patasi. Siku ukimkuta hagombezi, ujue anaumwa.

Mimi nimemfahamu tangu mwaka 1969, nilipohamishiwa shule ya msingi ya Madimba kutoka kwetu Usangi. Naandika habari zake kwa sababu nimechoka kuwasikia wapita njia wakimsimulia ovyo. Mmoja atakuambia ni tajiri, anajua mali za Wajerumani zilikofukiwa Mikindani. Mwingine atakuambia ni padri aliyetoroka misheni. Mali yake mimi naijua yote: baiskeli, sanduku la vifaa, na mke mwenye ulimi mkali. Na upadri hauwezi, kwa jinsi anavyoitukana misumari ikipinda.

Jina lake kamili ni Reinhold Pagel. Alizaliwa katika kijiji kiitwacho Lindenhagen, mashariki ya Ujerumani, katika nyumba ya maseremala, baba na babu. Baada ya vita vya kwanza kwao kulikuwa na njaa, na fedha yao ilikuwa haina thamani hata ya kununulia kiberiti. Watoto watatu wa nyumba ile wakatawanyika duniani. Kaka yake Emil alikwenda Brazili, ambako Wajerumani walikuwa wameshajenga miji mizima na makanisa yao. Dada yake aliolewa Afrika ya Kusini Magharibi, na miaka ya baadaye akafia hukohuko. Yeye, mwaka 1927, alishuka Mikindani na sanduku la vifaa na buti nzito ambazo ziliota ukungu kabla ya mwezi kwisha. Mwingereza alikuwa amewaruhusu Wajerumani kurudi nchini, na mashamba ya katani kati ya Mikindani na Lindi yalihitaji mtu wa kujenga mabanda.

Nampenda anapowasimulia wenzake wa siku zile, maana hatii chumvi. Walikuwa familia ishirini na kitu. Walijijengea klabu ya mbao karibu na shamba moja kubwa, na ndani ya klabu walitengeneza njia ndefu ya kubingirisha mpira wa mti ili uangushe vigogo vilivyosimamishwa mwisho wake. Kila Jumamosi walikusanyika, wakacheza, wakaimba, wakagombana ni jimbo gani la kwao lina soseji nzuri. Krismasi ilipofika, kwa kuwa misonobari ya kwao haioti pwani, walikata mvinje, wakaupamba kwa mishumaa, na joto likaikunja mishumaa kabla hawajamaliza wimbo wa kwanza.

"Tulikuwa watu wa kuchekesha, mwalimu," huniambia. "Tumekaa Mikindani miaka kumi, mazungumzo yetu yote ni theluji."

Halafu, miaka ya thelathini, wazimu wa Hitla ukavuka bahari ukawafuata hukuhuku. Klabu ilikuwa ikiongezewa ukumbi, na aliyesimamisha paa ni Rainoldi. Wakubwa wa klabu wakamletea ile bendera yao aipachike juu kabisa. Yeye akapachika tawi la mvinje lenye vitambaa, kama baba yake alivyomfundisha, akashuka akaenda zake kula. Tangu siku hiyo hawakumpa hata salamu. Vita vilipozuka mwaka 1939 Mwingereza hakuuliza nani alipachika nini. Aliwazoa wote, na Rainoldi akajikuta yuko kambini Rhodesia ya Kusini, miaka nenda miaka rudi, kitanda kwa kitanda na watu waliokuwa wamemnunia. Akifika hapo hucheka mpaka akakohoa.

Vita vilipokwisha wenzake walipakiwa meli kurudishwa Ulaya. Yeye bahati ilimwangukia: bandari mpya ya Mtwara ilikuwa ikijengwa mbiombio, maseremala hawatoshi, na bwana mmoja wa ujenzi aliyeikumbuka kazi yake akamwombea kibali. Akarudi mwaka 1949. Mashamba aliyakuta mikononi mwa watu wengine, na klabu ilikuwa imeliwa na mchwa.

Langoni mwa bandari alikuwapo mwanamke wa Kimakonde akiuza mihogo ya kuchoma. Huyo ndiye Theresia. Rainoldi alinunua mihogo asubuhi, mchana na jioni, mpaka Theresia akamwuliza kama huko kambini walimnyima chakula au ana neno. Alikuwa na neno. Mjomba wa Theresia, nkulungwa, yaani mzee mkuu wa ukoo, alipopelekewa posa aliuliza ndugu za bwana harusi wako wapi. Akaambiwa wote wako ng'ambo. Akauliza tena, akifa atazikwa na nani? Theresia akajibu kabla ya mtu mwingine kufungua mdomo: "Na sisi. Kwani sisi mikono hatuna?" Walioana kanisani, na kwa desturi ya Kimakonde mume ndiye aliyehamia kwa mke. Hivyo ndivyo Rainoldi alivyokuja kuwa mtu wa Mtawanya. Mungu hakuwajalia mtoto, lakini nyumba yao haijawahi kuwa kimya.

Sasa lazima nilieleze lile tawi, maana ndilo lililomponza.

Kwao, seremala akimaliza kusimamisha kenchi, kabla bati au vigae havijapanda, hufunga tawi bichi kwenye mwamba wa paa, mahali pa juu kuliko pote, na tawi hilo hupambwa vitambaa vya rangi. Mwenye nyumba huwalisha mafundi. Fundi mkuu hupanda na glasi mkononi, husema maneno, hunywa, kisha huitupa glasi chini. Ikivunjika, nyumba ina heri. Isipovunjika, fundi hana raha. Rainoldi amefanya hivyo kwa kila paa alilolisimamisha katika nchi hii, mwenye nyumba awe Mkristo au Mwislamu, ndani ya glasi mwe na divai, sharubati au maji ya dafu. Na maneno yake siku zote aliyasema kwa Kijerumani, uso ameuinua mbinguni. Mikindani na Mtwara walikwisha kumzoea. Waliiita dua ya fundi, wakaendelea na pilau yao.

Madimba hatukuwa tumemzoea.

Mwaka 1971 kijiji chetu kiliamua kujenga zahanati kwa nguvu zetu wenyewe. Tofali tulifyatua, kuta zikasimama, kwenye paa tukakwama. Mimi ndiye niliyemtaja Rainoldi, kwa sababu alishaiezeka nyumba ya walimu na haijawahi kuvuja. Kamati ikakubali. Akaja na baiskeli yake, akawapanga vijana, akawatukana wote bila upendeleo, na kenchi zikasimama zimenyooka hata macho yanafurahi.

Lakini mjue ulikuwa wakati gani. Mto Ruvuma uko kusini yetu, na ng'ambo ya mto vita vya Msumbiji vilikuwa vimepamba moto. Wakimbizi walikuwa wakivuka na watoto mgongoni. Kuna siku tulisikia ndege za Mreno zikinguruma upande wa mtoni, nasi tukawaingiza watoto chini ya madawati, kana kwamba dawati linazuia kitu. Redio ilituambia tuwe macho. Hamisi, balozi wetu wa nyumba kumi na mkuu wa mgambo, alikuwa macho kuliko hata redio ilivyotaka. Nilikuwa namcheka, lakini si kwa sauti, kwa sababu mdogo wake Salumu alikanyaga bomu la kufukiwa kule karibu na mto, akarudi na mguu mmoja.

Basi siku kenchi zilipokwisha, Rainoldi akakata tawi la mvinje, akalifunga mabaki ya khanga za Theresia, mekundu, meupe na ya buluu, akapanda nalo. Akalisimamisha kwenye mwamba. Akanyoosha mkono aletewe glasi ya maji ya dafu. Akaanza kusema yale maneno yake, sauti imejaa kifua, uso mbinguni, na kwa jinsi zahanati ilivyojengwa, kifua chake kilielekea kusini. Akanywa, akatupa glasi.

Madimba ni mchanga mtupu. Glasi ilitua kwenye mchanga ikakaa, nzima, bila hata ufa.

Rainoldi akabadilika rangi. Alishuka ngazi kwa haraka isiyomfaa mtu wa umri wake, akaiokota ile glasi, akaiweka juu ya tofali akaiponda kwa nyundo mpaka ikawa unga. Sisi tulicheka. Hamisi hakucheka. Yeye alichokiona ni hiki: mtu mweupe amepanda jengo refu kuliko yote kijijini, amepandisha rangi, ameielekea mipaka, amesema na mbingu kwa lugha isiyojulikana, kisha ameshuka akaharibu chombo alichokishika. Na kwa bahati mbaya iliyoje, alasiri ileile ndege ikasikika upande wa mto. Hamisi akachukua baiskeli akaenda Mtwara.

Asubuhi yake Landrova ikaja. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu, watoto wakaniambia, "Mwalimu, wanamchukua fundi." Nilitoka mbio na chaki mkononi. Rainoldi alikuwa ameshapandishwa nyuma, sanduku lake la vifaa amelipakata, ananiambia niwazuie vijana wasigongelee papi za kushikia bati mpaka arudi kwa sababu watazipasua. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimwambia Hamisi maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyatamka mbele ya darasa la tatu.

"Mwalimu, rudi ukafundishe," akanijibu Hamisi, hata sauti hakupandisha. "Mimi nimeona nilichokiona."

Nilidandia lori la nazi mpaka Mtawanya kumpelekea Theresia habari. Nilimkuta anamenya mihogo. Nilipomweleza alisimama na kisu mkononi.

"Tawi?"

"Tawi, mama."

"Nangu, mimi mwenyewe, nilimwambia! Nilimwambia, huko mpakani funga kitambaa kimoja tu, kinatosha! Hasikii! Kichwa chake kigumu, cha mpingo!" Alimtukana mumewe kwa Kiswahili, akamtukana kwa Kimakonde, halafu akakaa chini ghafla, na kisu akakiweka. "Watampakia meli, mwalimu."

Nilitaka kumwambia haiwezekani, ila hali yake niliijua. Rainoldi aliomba uraia tangu mwaka wa Uhuru, na hakuwahi kuitwa wala kukataliwa. Wazungu wengine waliokuwa karibu na mto walikuwa wameshaambiwa waondoke.

"Nangu niende naye wapi?" akasema Theresia. "Brazili? Nikalime shamba la nani? Nisipokwenda, huyu mzee nani atamchomoa vibanzi vya mbao vidoleni? Macho yake hayavioni siku hizi. Miaka hii yote, mwalimu, kila jioni mimi ndiye ninayemchomoa vibanzi." Kisha akalia, nami nikalia naye, na mihogo ikakaa palepale nusu imemenywa.

Lakini Theresia si mtu wa kulia siku mbili. Kesho yake alijifunga khanga akaenda Mikindani, hakuniambia kwa nani.

Ilipita karibu wiki mbili ndipo tukaitwa Mtwara. Afisa aliyeishika kesi ile aliitwa Danieli, kijana wa Bukoba, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alimwita Hamisi kwa sababu ndiye aliyeripoti, akaniita mimi kwa sababu ndiye niliyemleta fundi kijijini, na Theresia akaingia bila kuitwa, wala hakuna aliyethubutu kumtoa. Rainoldi aliletwa amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi. Alikuwa amewatengenezea askari mlango wa stoo uliokuwa ukikwama.

"Mzee," akaanza afande Danieli, "una ndugu nje ya nchi?"

Mtu mwenye akili angejibu kwa kifupi. Rainoldi hajui kujibu kwa kifupi.

"Mmoja, kaka yangu, afande. Yuko Brazili. Ana watoto, na wajukuu wengi."

"Huko wanasema lugha gani?"

"Nyumbani Kijerumani. Wakienda sokoni, Kireno."

Nilifumba macho. Hamisi akakohoa. Theresia akasema polepole, lakini wote tulimsikia, "Mungu wangu, amejimaliza mwenyewe."

Afande Danieli akaweka kalamu chini, akajisugua paji la uso. "Mzee, hebu nisaidie. Mimi sipendi kumfukuza mtu wa umri wako. Lakini nikiambiwa nikurudishe kwenu, kwenu ni wapi?"

"Hilo swali zuri, afande. Mimi mwenyewe nimelifikiria sana." Rainoldi aliweka mikono mapajani. "Nilizaliwa Lindenhagen. Baada ya vita mpaka ulisogezwa, sasa pale ni Polandi. Watu wetu walifukuzwa wote, na mama yangu mzee alifia njiani. Nyumba ya baba yangu wanaishi watu wengine, na sina neno nao, wao pia walifukuzwa mahali. Mkinipeleka Ujerumani, sehemu ile iliyobaki, sina ninayemjua. Mkinipeleka Brazili, kaka yangu tuliagana mimi nina miaka ishirini na mitatu, leo tukikutana njiani tutapishana. Kwa hiyo utakaponipeleka popote, mimi nitakuwa mgeni. Isipokuwa huku nilikokamatwa."

Afande Danieli akaichukua tena kalamu yake.

Hapo ndipo mlango uligongwa, akaingia Rukiyabai, mjane wa marehemu Nazarali wa duka la Mikindani, ameshikwa mkono na mwanawe Mehboob. Tangu amzike mumewe bibi yule hakuwa ametoka nje ya ua wake. Kumbe Theresia huko ndiko alikokwenda.

"Mwanangu," akamwambia afande kabla hajakaribishwa kiti, "nimesikia mnamfunga mtu kwa ajili ya tawi. Basi nifungeni na mimi. Juu ya nyumba yangu alilipandisha, Mehboob huyu yuko tumboni. Vitambaa nilivitoa mimi, hariri, si mabaki. Marehemu akampa glasi ya sharubati, akapanda nayo, akasema maneno yake, akaivunja. Glasi nzuri! Nilimnunia marehemu wiki nzima. Hilo tawi likakaa mpaka likakauka, vumbi linaniangukia kwenye achari. Mwulize mtu yeyote wa Mikindani. Wakati ule kulikuwa na Mreno gani wa kupigiwa ishara?"

Afande Danieli alijitahidi asicheke, hakufanikiwa sana. Akamshukuru, akampa kiti chake mwenyewe. Kisha akageuka kuwa afisa tena.

"Habari ya tawi nimeielewa," akasema. "Ila sheria ni sheria. Huyu si raia, na alikuwa kazini karibu na mpaka wakati wa vita. Sitamwachia hivihivi. Nataka mtu mmoja wa Madimba aweke jina lake. Fundi akikosea, tutamfuata na mdhamini wake. Asipopatikana mdhamini, leo jioni nampeleka Dar es Salaam, na huko uamuzi si wangu tena."

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Wewe mwalimu umeletwa na serikali, na kesho serikali itakuhamisha," akaniambia. "Nataka mzaliwa."

Mzaliwa wa Madimba mle chumbani alikuwa mmoja tu. Sote tukamtazama Hamisi. Hamisi alitazama kofia yake ya mgambo, akaigeuza, akaigeuza tena. Theresia alikuwa amekaa kando yangu, na mkono wake ulikuwa umenishika hapa, juu ya kiwiko, kwa nguvu ambayo baadaye iliacha alama. Nilimwona Hamisi akimtazama mara moja, akaondoa macho.

"Mzee," akasema hatimaye, "yale maneno uliyoyasema kule juu. Ulikuwa unasema nini?"

"Ni maneno ya maseremala," akajibu Rainoldi. "Nasema, nyumba hii tumeiinua kwa mikono yetu. Upepo uipite, moto uiogope. Anayeingia na maumivu atoke mzima. Nawashukuru walioleta mbao na waliozibeba. Halafu mwisho nataja jina langu, na kwetu."

"Kwa nini unataja kwenu?"

"Ili paa likibomoka, wajue wa kumtafuta na mahali pa kumtafuta."

Hamisi akalitafakari hilo. "Kumbe ni kama kujidhamini mwenyewe."

"Ndiyo hivyo."

"Lakini kwa lugha tusiyoijua. Na kwenu ndiko huko ulikosema hakupo tena." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepima ubao. "Sasa paa la zahanati likiwaangukia wagonjwa wetu, mimi nipande meli gani nikakutafute?"

Rainoldi akainamisha kichwa, akaitazama mikono yake.

Hamisi akavaa kofia yake, akamgeukia afande. "Mdogo wangu hana mguu, afande. Nikiona kitu nitaripoti, na kesho nikiona tena nitaripoti tena. Lakini huyu mzee nimemwona akipima ubao mmoja mara tatu kwa ajili ya watu asiowajua. Mreno hafanyi hivyo. Andika jina langu. Ila nina sharti: apande tena, palepale, ayaseme yale maneno kwa Kiswahili, kijiji kizima kisikie. Simdhamini mtu kwa maneno nisiyoyaelewa."

Theresia aliuachia mkono wangu. Hakumshukuru Hamisi hapo hapo. Alitoka nje, akasimama kivulini mwa jengo, akapumua.

Rainoldi alirudi nyumbani, na kwa siku kadhaa mtaa mzima ulimsikia akinong'ona huku anapiga randa. Nilijitolea kumsaidia kutunga. Akaniambia Kiswahili alikuwa akikisema kabla mimi sijazaliwa, nikafunge mdomo. Nikafunga.

Jumapili iliyofuata watu walikuja Madimba kutoka vitongoji vyote, maana habari ilikuwa imeenea kwamba Mzungu atahukumiwa juu ya paa. Akina mama walipika wali na samaki wa Mnazi Bay. Salumu aliletewa kiti mbele kabisa. Hamisi mwenyewe alikuwa amebingirisha jiwe kubwa akaliweka chini ya mwamba wa paa, na alipoulizwa la nini, akasema glasi za serikali ya kijiji hazina haja ya kupondwa kwa nyundo. Rainoldi akapanda. Tawi safari hii lilikuwa na kitambaa kimoja tu, cheupe, na nadhani mnajua aliyeamua hivyo.

Aliposimama kule juu, glasi mkononi, hakutazama mbingu. Alitutazama sisi. Sauti yake ilikuwa ndogo mwanzoni, watoto wakanyamazishwa.

"Nyumba hii tumeiinua kwa mikono yetu," akasema. "Upepo uipite. Moto uiogope. Anayeingia na maumivu atoke mzima. Mama anayeingia mmoja atoke wawili." Hilo la mwisho lilikuwa jipya, na wanawake wakaitikia. "Nawashukuru walioleta mbao. Nawashukuru waliobeba, hata wale waliobeba vibaya." Vijana wakacheka. "Na paa hili likibomoka, msimsumbue Hamisi. Nitafuteni mimi. Mimi ni Reinhold Pagel, seremala, wa..."

Akakwama hapo.

Miaka arobaini na zaidi, juu ya kila paa, mahali hapo alikuwa akitaja Lindenhagen. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga. Theresia alikuwa kando yangu, na mimi nilijikuta nimeshika kiwiko chake.

"Wa Mtawanya," akasema Rainoldi. "Nyumbani kwa Theresia."

Theresia akajifunika uso kwa khanga, mabega yakaanza kumtikisika. Na Hamisi, kutoka pale jiweni, akapaza sauti yake ya mgambo mpaka nyuma walimsikia: "Mtawanya tunapajua, nkulungwa! Si mbali kwa baiskeli! Tupa glasi, watu wana njaa!"

Akanywa, akaitupa. Walioko mbele wanasema ilivunjika vipande vipande juu ya jiwe. Mimi sikuisikia, maana Theresia alikuwa ameshaifunua khanga na kuanza vigelegele, na alivipiga mpaka mumewe alipofika chini ya ngazi.